Stendi ya Nota kwa Sentimita 50: Tathmini ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho Lubumbashi

Nimefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika macho yote mawili kwenye kliniki moja ya macho hapa Lubumbashi, jicho la kulia mwezi wa Juni na la kushoto mwezi wa Julai. Tathmini hii inahusu huduma nzima, lakini nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo wagonjwa wengi wa rika langu hawalifikirii mpaka bandeji imefunguliwa: ukungu ukishaondoka, mtu atasomaje? Jina la kliniki sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yao, na si haki kumsema mtu kwa jina mahali ambapo hana nafasi ya kujibu.

Nina umri wa miaka 63. Nilifundisha hesabu katika shule ya msingi hadi kustaafu, na sasa naongoza kwaya ya parokia yetu huko Katuba. Kuongoza kwaya kunadai macho yaone umbali wa aina tatu kwa pamoja. Kitabu cha nyimbo nikikishika mkononi kinakuwa sentimita 40 hivi kutoka usoni. Nota za solfa zilizo kwenye stendi ziko sentimita 70. Na waimbaji wa safu ya nyuma, ambao ndio huchelewa kuingia, wako mita nne au tano. Tangu nilipokaribia miaka 45 nilikuwa nikijisaidia kwa miwani ya kusomea ya kununua sokoni, na kila baada ya miaka michache niliiacha na kuchukua yenye nguvu zaidi. Kisha mtoto wa jicho akaja juu ya hayo, na miwani yote iliyotandazwa kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ikawa haina msaada kwangu. Mara mbili niliwaingiza watu wa besi kabla ya wakati wao kwa sababu ya nukta ambayo niliiona mimi peke yangu.

Mambo haya mawili nilikuwa nikiyachanganya, na naona wenzangu wengi wanayachanganya pia. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ya asili ambayo ujanani ni laini. Msuli unaoizunguka huibadilisha umbo, na hivyo jicho huweza kuhama kutoka mlimani hadi kwenye ukurasa bila mtu kujua kwamba kuna kazi imefanyika. Lenzi hiyo huzidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka. Kufikia miaka 40 na kitu mtu huanza kulisogeza gazeti mbali, na kufikia miaka 60 uwezo wa kubadilika umekwisha, au umebaki kidogo usiofaa kitu. Huo ndio uzee wa macho, ambao madaktari huuita presibiopia. Mtoto wa jicho ni jambo jingine: ni lenzi hiyohiyo kuingia ukungu hadi mwanga usipite vizuri. Daktari anapoitoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia, ukungu unakwisha, lakini lenzi ya kawaida ya bandia haibadiliki umbo kabisa. Itakuonyesha umbali mmoja tu, ule iliopangiwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba baada ya upasuaji hutavaa miwani tena, muulize kwanza: ya kuonea mbali, au ya kusomea?

Lenzi yenyewe ina historia ambayo daktari alinisimulia wakati tukisubiri dawa ya kupanua mboni ifanye kazi, na mimi kama mwalimu sikuweza kuiacha. Wakati wa vita vya pili vya dunia, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani ambao vipande vya plastiki vya vioo vya ndege vilikuwa vimeingia machoni mwao, akaona kwamba jicho linavivumilia vipande hivyo bila kuvimba. Mwezi wa Novemba 1949, katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, akaweka lenzi ya plastiki ya namna hiyo katika jicho la mgonjwa. Kabla ya hapo, aliyetolewa mtoto wa jicho alibaki na miwani minene kama chini ya chupa.

Sasa huduma yenyewe. Kitu kilichonifanya niiamini kliniki hii kilitokea siku ya kwanza, kabla ya mashine yoyote. Muuguzi, mama wa makamo, aliniuliza: «Papa Mwalimu, siku yako inapita ukitazama nini?» Nikamweleza. Akaniambia nirudi kesho yake na kitabu changu cha nyimbo na ile stendi. Nikadhani anatania, lakini nilirudi nayo ikiwa imekunjwa chini ya kwapa, watu wa kwenye foleni wakinitazama kama mtu aliyekosea njia ya kwenda kanisani. Alinisimamisha mbele yake, akaniambia niinue mikono kama ninavyofanya Jumapili, kisha akachukua utepe wa kupimia na kuuvuta kutoka kona ya jicho langu hadi kwenye karatasi. Sentimita 68. Akaandika. Akapima kitabu mkononi: 41. Akaandika tena. Vipimo vyote vilivyofuata vilihusu jicho. Hivi viwili peke yake vilihusu maisha yangu, na vilifanywa kwa utepe ambao kila fundi cherehani anao.

Daktari aliyasoma maandishi hayo kabla ya kuniambia lolote, kisha akanifungulia njia nne. Ya kwanza ni kuyapanga macho yote mawili yaone mbali na kuvaa miwani ya kusomea kwa kazi zote za karibu, na hiyo ndiyo njia ya wagonjwa wengi. Ya pili ni kinyume chake, macho yote mawili yaone karibu na miwani iwe ya mbali. Ya tatu ni kugawana kazi, jicho moja lipewe mbali na jingine lipewe karibu au kati, na ubongo uzoee kuchagua. Ya nne ni lenzi ya multifokali, ambayo ina miduara inayougawa mwanga ili sehemu yake iende kwenye umbali mmoja na sehemu nyingine kwenye umbali mwingine, katika jicho lilelile. Njia tatu za mwanzo zinatumia lenzi ya aina moja na bei moja. Kinachobadilika ni namba. Ya nne iliagizwa kutoka nje na bei yake ilizidi mara tatu.

Nakiri kwamba nilikuwa nimeingia pale nikiwa na njia ya nne kichwani. Shemeji yangu, mfanyabiashara, aliwekewa lenzi hizo Afrika Kusini, na hapendi kitu kama kusoma ujumbe wa simu mbele za watu bila miwani. Daktari hakuniambia kwamba lenzi hizo ni mbaya. Aliniuliza tu kama ninasafiri usiku. Nikamjibu kwamba kila mwezi naenda Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, kwa binti yangu, na mara nyingi narudi giza limeingia, katikati ya malori ya shaba. Akanieleza kwamba mwanga ukigawanywa, kila taa huweza kuvaa pete ya mwanga kuizunguka, na kwamba rangi hafifu juu ya rangi hafifu huwa ngumu zaidi kutofautisha, kwa mfano penseli kwenye karatasi ya kijivu. Wengine huzoea, wengine huendelea kusumbuka, na kuitoa lenzi iliyokwisha kukaa jichoni si kazi ndogo. Akaongeza kwamba mwenye ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ndani ya jicho) au glakoma (presha ya macho) kwa kawaida hushauriwa aziache, kwa sababu jicho lake tayari lina upungufu wa kutofautisha vivuli. Jioni ile nilimpigia shemeji. Baada ya kujisifu kidogo alikubali kwamba usiku hashiki tena usukani. Dereva wake ndiye anayeendesha. Nota zangu nyingi nimezinakili kwa penseli. Nikachagua njia ya tatu.

Njia ya tatu inahitaji kujua jicho lipi ndilo kiongozi, maana hilo ndilo hupewa umbali. Muuguzi alinipa kadi yenye tundu katikati, akaniambia niinyooshe mbele kwa mikono miwili na kuitazama saa ya ukutani kupitia tundu. Nikafumba jicho la kushoto: saa ipo. Nikafumba la kulia: saa imetoweka, naona kadi tupu. Basi la kulia ndilo kiongozi.

Namba ya la kushoto ilikuwa hesabu ya kufundishia darasani. Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dioptri, na umbali ambao jicho lililopangiwa kuona karibu kwa dioptri kadhaa linaona safi ni mita moja ukiigawa kwa dioptri hizo. Dioptri moja na nusu inatoa sentimita 67, na stendi yangu iko 68. Daktari aliniuliza kama nataka dioptri mbili na nusu, ambazo zingeniletea kitabu cha mkononi kwa sentimita 40; lakini tofauti kubwa kati ya macho mawili huleta kizunguzungu kwa wengine na hupunguza uwezo wa kupima kina, na mimi ngazi za jukwaa la kwaya nazishuka kinyumenyume. Tukakubaliana: kulia sifuri, kushoto moja na nusu, na miwani dhaifu kwa maandishi madogo. Kabla ya huyu sikuwahi kukaa na daktari aliyenipa muda wa kufanya hesabu mwenyewe kwenye kipande cha karatasi.

Lawama yangu ya kwanza iko kwenye upimaji. Ili kuchagua lenzi, lazima urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma ujulikane, nao kwa mtu mzima ni kama milimita 23 na nusu, pamoja na mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kosa la milimita moja katika urefu huzaa kosa la dioptri mbili na nusu au zaidi. Jicho la kulia lilipimwa kwa utulivu. La kushoto lilipimwa siku ambayo umeme ulikatika katikati ya kazi. Jenereta ikawashwa, ikazimika, ikawashwa tena, na foleni ya nje ilikuwa imefika kwenye lango. Kijana aliyekuwa na kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kinachogusishwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, alikuwa na haraka, nami nilihisi ananikandamiza. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba konea ikikandamizwa jicho huonekana fupi kuliko lilivyo, mashine huchagua lenzi yenye nguvu kupita kiasi, na mgonjwa hutoka akiona karibu zaidi ya alivyopangiwa. Upo mtindo wa kupima kwa kikombe kidogo cha maji juu ya jicho ili kipimo kisiiguse konea, na zipo mashine zinazopima kwa mwanga bila kugusa, ingawa ukungu ukiwa mzito sana mwanga huo haupiti. Siku ile wangeweza kuniambia nirudi kesho. Natoka Katuba, hapahapa mjini, si Kolwezi, mji wa mbali.

Upasuaji wenyewe nitausema kwa ufupi kwa sababu ulikwenda vizuri. Sindano ya ganzi kando ya jicho ndiyo iliyouma, kisha hakuna. Nilisikia sauti ya daktari akiomba vifaa, niliona mwanga na maji yakicheza, na haikufika nusu saa. Tundu linalopasuliwa kwa mkono ni dogo na limekatwa kwa mshazari kiasi kwamba hujifunga lenyewe bila uzi. Nilirudi nyumbani siku hiyohiyo, mwanangu akinishika mkono.

Kesho yake asubuhi bandeji ya jicho la kulia iliondolewa, na nikaketishwa mita tano kutoka kwenye ubao wa herufi. Ubao wao ni ule wa Monoyer, daktari wa macho Mfaransa ambaye ndiye aliyependekeza dioptri iwe kipimo mwaka 1872. Herufi kubwa kabisa, Z na U, ziko chini, na kadiri unavyopanda ndivyo zinavyozidi kuwa ndogo. Nilisoma mpaka mstari wa juu kabisa, na macho yalikuwa bado yametanuliwa na dawa. Muuguzi akaniambia: «Mwalimu, acha mstari wa chini, halafu panda na herufi ya kwanza ya kila mstari.» Nikapanda kama mtoto wa darasa la kwanza: M, O, N, O, Y, E, R. Kisha upande wa kulia: F, E, R, D, na kuendelea hadi jina FERDINAND likatimia. Mtu yule alilificha jina lake kwenye ubao wake mwenyewe, na kwa miaka miwili niliyokuwa nikiketishwa mbele yake sikuwahi kuona herufi za kutosha kulitambua.

Mwezi uliofuata, kati ya jicho la kwanza na la pili, ulikuwa mgumu, na hakuna aliyenitayarisha. Jicho moja liliona mbali safi, jingine lilikuwa bado na ukungu wenye umanjano, na kwa karibu sikuwa na chochote. Kanzu za kwaya zilikuwa nyeupe kwa jicho la kulia na rangi ya maziwa yaliyoganda kwa la kushoto. Daktari alijaribu kunionjesha mpango wa kugawana kazi kwa fremu ya majaribio yenye vioo vya kubadilisha, lakini jaribio hilo lilikuwa nusu tu, kwa kuwa ukungu wa kushoto haukuruhusu kuhukumu.

Jicho la kushoto lilipotulia, wiki nne baada ya upasuaji, lilipimwa na kukutwa lina dioptri mbili badala ya moja na nusu. Gawanya mita moja kwa mbili: sentimita 50. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba nusu dioptri ni kosa linalokubalika kimataifa. Ni kweli, nusu dioptri kwa juu au kwa chini ndicho kiasi ambacho wapasuaji hujipimia nacho. Hata hivyo, nusu dioptri hiyo ina mahali ilipotoka, nami nilikuwepo ilipokuwa inatoka. Huo ni takriban moja ya tano ya milimita, shinikizo la kidole cha kijana mwenye haraka. Nilitegemea wakubali hivyo kwa mdomo. Hawakukubali.

Kwa vitendo, matokeo yana sura mbili. Stendi nimelazimika kuisogeza sentimita 18 karibu nami, na kwa kuwa mikono yangu ni mirefu, wiki za mwanzo niliigonga mara kadhaa katikati ya wimbo. Kwa wiki tatu nilimwaga chai pembeni ya kikombe, maana macho mawili yenye kazi tofauti hayakubaliani haraka juu ya mahali kikombe kilipo. Sasa yamekubaliana. Kwa upande mwingine, kitabu cha nyimbo, ambacho kwa mpango wa awali kingehitaji miwani, nakisoma mkononi bila kitu nikikinyoosha mkono kidogo. Kwenye kadi ya Parinaud, ambayo hutumika kupima usomaji wa karibu, aya ndogo inayoitwa P2 siifikii bila miwani; naishia P4, na kwa mwanga mzuri P3. Karatasi ya maelezo ya dawa inanidai miwani ya dioptri moja, ile dhaifu kabisa, ambayo naisahau nyumbani bila kujuta. Taa za malori ya Kasumbalesa zinabaki taa. Usiku barabarani jicho la kushoto linaona ukungu wa mbali, nami navaa miwani niliyotengenezewa kwa ajili ya safari tu. Jambo hilo daktari alinionya mapema, kwa hiyo sina la kulalamika.

Lawama ya pili ni ya fedha. Bei niliyoambiwa ilikuwa ya upasuaji na lenzi. Dawa za matone za wiki nne, za kuzuia maambukizi na za kupunguza uvimbe, nilijua kwamba ni zangu pale kwenye dirisha la duka la dawa, na hivyo hivyo ngao ya plastiki ya kulalia. Tena nilipasuliwa wakati wa kiangazi, wakati ambapo vumbi jekundu la Katuba linaingia hata ndani ya sukari; miwani myeusi iliyofunga pembeni ilikuwa ya lazima, nayo haikutajwa. Ukijumlisha, ni kiasi kinachoweza kumkwamisha mwenye pensheni. Muulizeni mhasibu akuandikieni kila kitu kwenye karatasi moja, pamoja na leza ya baadaye, kwa sababu kifuko ambacho lenzi mpya imewekwa ndani yake kinaweza kuingia ukungu baada ya miezi au miaka, na leza ndiyo huusafisha. Kliniki hii inayo. Bei yake niliiuliza mwenyewe.

Kwa ujumla ningewapa nyota nne kati ya tano. Nyota inayokosekana ni ya siku ile ya jenereta.

Mke wangu naye ameanza kuingia ukungu, na mwezi wa kumi nilimpeleka palepale. Yeye ni fundi cherehani. Sindano yake iko sentimita 35 kutoka puani, na mbali kwake ni mlango wa mteja. Alisikiliza njia zote nne, kisha akasema anataka ya pili, macho yote mawili yapangiwe sindano, na miwani ataivaa akienda misani. Daktari alimwuliza mara mbili kama ana hakika, kwa sababu ni wachache wanaoomba hivyo. Muuguzi alipoinuka kutafuta utepe wa kupimia, mke wangu alikuwa amekwisha kuutoa wake shingoni, akamkabidhi, na kumwambia apime tena baada ya kumaliza.